ANWANI ZINAPOTOWEKA KATIKA KOMPYUTA YA OFISI

Maelezo yaliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi katika semina ya makatibu wa majimbo, wahasibu na wasimamizi wa miradi



 Tumepewa muda mfupi kabla ya chai, kwa hiyo tutakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Kati ya maswali yote ya kompyuta yanayofika katika ofisi ya miradi, lipo moja ambalo kila mara huja kwa sauti ya msiba: "Tumefungua kompyuta asubuhi, anwani zote hazipo." Printa ikigoma, watu hutuandikia barua pepe kuuliza. Intaneti ikikatika, hungoja irudi. Lakini anwani zikitoweka hupiga simu, pengine kwa sababu na anwani yetu imetoweka pamoja na nyingine.

Nao wana haki ya kuogopa. Barua iliyopotea inaweza kuandikwa upya. Kitabu cha anwani ni watu. Ndimo alimo mganga mfawidhi wa zahanati, mwenyekiti wa kamati ya maji, mwalimu wa chuo cha ufundi, mweka hazina wa usharika rafiki ulioko nje ya nchi, na yule mhandisi aliyetuchorea ramani ya kisima miaka saba iliyopita na ambaye hakuna mtu mwingine anayejua mahali alipo. Majina hayo yamekusanywa na makatibu watatu au wanne waliopokezana kiti kimoja. Hayawezi kukusanywa tena kwa wiki moja.

Habari njema ni kwamba, katika matukio mengi tuliyoyashughulikia, anwani zilikuwa hazijafutwa. Zilikuwa zipo ndani ya kompyuta ileile, ila programu ilikuwa haizioni. Kupotea na kutoonekana ni mambo mawili tofauti, na kazi yetu ya kwanza ni kujua limetokea lipi. Virusi husingiziwa sana katika jambo hili. Vipo na vinaharibu, hatukatai, lakini kirusi kinachoiba majina na kuziacha barua zote mahali pake hatujakutana nacho.

Kwanza tuelewe kitu hiki kinakaa wapi. Watu wengi hudhani kwamba barua na anwani ni kitu kimoja, kwa kuwa zinaonekana katika dirisha moja. Sivyo. Barua zenu zinakaa katika seva, yaani kompyuta kubwa ya kampuni inayowapa huduma ya barua pepe. Programu iliyo mezani huzichukua kutoka huko kwa njia mojawapo kati ya mbili, inayoitwa POP na inayoitwa IMAP. Njia ya POP hushusha barua na kwa kawaida huziweka katika kompyuta yako. Njia ya IMAP huziacha kule kule na kukuonyesha. Lakini angalieni: zote mbili hubeba barua tu. Hakuna hata moja inayobeba kitabu cha anwani. Kitabu cha anwani ni faili la peke yake, na katika ofisi zetu nyingi faili hilo linakaa ndani ya kompyuta moja tu, pale mezani.

Ukishika jambo hilo, umekwisha kuelewa nusu ya somo. Tutoe mfano mmoja, bila kuitaja ofisi.

Ofisi moja ya jimbo ilikuwa inaandikiana na wafadhili wapatao arobaini. Kila mmoja wao alikuwa akimlipia ada mwanafunzi mmoja katika chuo cha uuguzi au cha ualimu. Hawakuwa shirika. Walikuwa watu binafsi, wengi wao wazee wastaafu nchini Ujerumani, kila mtu na anwani yake. Chuo kimoja kilitoa siku kumi: mwanafunzi asiyelipa haingii katika chumba cha mtihani. Katibu alipofungua programu yake, ambayo ilikuwa Thunderbird, kitabu cha anwani kilikuwa cheupe. Aliitwa fundi wa mjini. Fundi akatazama, akasema kompyuta imeharibika na dawa yake ni kuifuta yote na kuweka Windows upya, kazi ya jioni moja. Katibu yule, na tunamsifu hapa ingawa hatumtaji, alimwomba fundi asubiri, akatupigia simu.

Tulimwuliza swali moja tu: "Barua za zamani unaziona?" Akajibu kwamba barua zote zipo, za miaka yote. Hapo tukajua kwa sehemu kubwa kilichotokea. Barua zilizorudi zote bila anwani hata moja ni dalili kwamba programu imeanza maisha mapya: akaunti imeandikwa tena, IMAP imeleta barua kutoka kwenye seva, lakini faili la anwani limebaki katika nyumba ya zamani. Na ndivyo ilivyokuwa. Siku chache nyuma mtu alikuwa ameweka Thunderbird mara ya pili katika kompyuta hiyo, kwenye folda nyingine. Tangu toleo la 68 la mwaka 2019, programu hiyo inaweza kuanzisha wasifu mpya kwa kila mahali ilipowekwa. Wasifu ni ile folda inayotunza mambo yote ya mtumiaji: akaunti, barua zilizoshushwa, na anwani. Wasifu mpya huanza mtupu. Wa zamani haufutwi, unakaa kimya.

Kama fundi angeifuta diski, ule wa zamani ungekwenda, na majina arobaini yangekwenda nao.

Basi tuseme hatua zenyewe kama tulivyomwelekeza katibu yule kwa simu.

Jambo la kwanza ni kutofanya kitu. Usiongeze programu, usiondoe programu, usijaribu kuandika majina upya ndani ya kitabu kitupu. Funga programu ya barua kabisa, chomeka flashi yenye nafasi ya kutosha, na nakili folda yote ya wasifu kabla hujagusa lolote. Kwa Thunderbird katika Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, kisha katika kisanduku kinachofunguka andika %APPDATA%\Thunderbird\Profiles halafu bonyeza Enter. Utaona folda moja au zaidi zenye majina ya ajabu, herufi na tarakimu zimechanganyika, na baada ya nukta neno default. Ukiziona mbili, umekaribia jibu. Nakili zote mbili. Sababu ya kunakili mapema ni kwamba programu ikiwa wazi inaendelea kuandika katika mafaili yake, na jaribio moja baya linaweza kuharibu kilichokuwa salama.

Ukishapata nakala, sasa fungua programu utazame mambo madogo kwanza. Katika dirisha la kitabu cha anwani, upande wa kushoto, kuna orodha ya vitabu. Thunderbird ina viwili tangu mwanzo: kitabu binafsi, na kitabu cha anwani zilizokusanywa, ambacho hujijaza chenyewe unapomwandikia mtu ambaye hayumo. Mara kadhaa tumefunga safari hadi ofisini na kukuta mtu anatazama kitabu kimoja kumbe majina yapo katika kingine. Tazama pia kisanduku cha kutafutia kilicho juu. Kama kuna neno limeachwa humo tangu jana, programu itakuonyesha majina yenye neno hilo tu, na mengine yote itayaficha. Tazama vilevile umeingia katika kompyuta kwa jina la nani. Kompyuta inayotumiwa na watu watatu, kila mmoja na jina lake la kuingilia, ina vitabu vya anwani vitatu visivyojuana.

Kama hayo yote ni sawa, rudi kwenye zile folda mbili. Angalia tarehe na ukubwa. Folda iliyoanzishwa wiki hii haiwezi kuwa na majina ya miaka kumi. Ingia katika ile ya zamani utafute faili linaloitwa abook.sqlite. Hilo ndilo kitabu binafsi. Lililo pembeni yake, history.sqlite, ndilo la anwani zilizokusanywa. Kama kompyuta ilikuwa na Thunderbird iliyotangulia toleo la 78 la mwaka 2020, majina yake yatakuwa abook.mab na history.mab, kwa maana katika toleo hilo walibadili namna ya kuhifadhi. Kuvuka kutoka mtindo wa kale kwenda mpya kumewaacha wengine njiani, na mara nyingi lile la kale hubaki katika folda likiwa limeongezewa bak mwishoni mwa jina. Usilifute ukidhani ni takataka.

Kuyarudisha hakuna ugumu. Katika matoleo ya karibuni, ingia katika orodha ya Tools, chagua Import, halafu chagua vitabu vya anwani. Programu itakuuliza faili ni la aina gani, nawe utaonyesha lile lililo katika flashi. Majina yataingia. Njia nyingine ni kuiambia programu irudi kutumia wasifu wa zamani: katika orodha ya Help fungua ukurasa wa taarifa za matatizo, utafute mstari wa about:profiles, na hapo utachagua upi uwe wa kawaida. Sisi tunapendelea njia ya pili kama wasifu wa zamani ni mzima, kwa kuwa hurudisha pia makundi na mipangilio.

Katibu wetu alifanya ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa saa kumi jioni na umeme haukuwa wa kuaminika. Majina yakarudi. Barua kwa wafadhili zikaondoka usiku ule. Nne zilirudi, lakini hizo anwani zake zilikuwa zimekufa siku nyingi na hakuna aliyekuwa amejua.

Sasa tuje kwa wanaotumia Outlook, ambao naona ni wengi humu. Hapa kuna malalamiko mawili yanayofanana kwa sauti lakini chanzo ni mbalimbali.

La kwanza: majina yanaonekana katika sehemu ya watu, lakini unapoandika barua na kubofya To, dirisha linafunguka tupu. Hapo hakuna kilichopotea. Katika Outlook ya kawaida ya kompyuta, folda ya majina lazima iruhusiwe kuonekana kama kitabu cha anwani. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha ukurasa wa Outlook Address Book, na utie alama kwenye kisanduku kilichopo. Mara nyingi mambo huishia hapo. Kama kisanduku kimefifia na hakikubali alama, huduma ya kitabu cha anwani haijaongezwa katika mipangilio ya akaunti, na hapo ni vema kumwita mtu anayeijua.

La pili: "Zamani nilikuwa nikiandika herufi mbili tu, jina linakuja lenyewe. Tumebadilisha kompyuta, haliji tena." Ndugu, majina hayo pengine hayakuwa katika kitabu cha anwani hata siku moja. Outlook ina kumbukumbu yake ya watu uliowahi kuwaandikia, na ndiyo inayokuletea jina unapoanza kuandika. Hadi toleo la 2007 kumbukumbu hiyo ilikuwa katika faili linaloishia na NK2. Kuanzia 2010 iliwekwa kwa namna nyingine. Ni msaada mzuri wa kuharakisha kazi, lakini ina kikomo, inaharibika, na haihami vizuri kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Tumeona ofisi iliyofanya kazi miaka sita bila kitabu cha anwani, ikiishi kwa kumbukumbu hiyo, na hakuna aliyejua mpaka siku kompyuta ilipoungua kwa radi. Leo mkirudi ofisini, fungueni kitabu cha anwani chenyewe mhesabu majina yaliyomo. Msihesabu yanayokuja mkiandika.

Tena, unapoongeza akaunti mpya katika Outlook, unaweza kupata folda ya pili ya majina, tupu, na programu ikaanza kutazama hiyo. Majina yamo katika faili la zamani, linaloishia na pst. Kabla ya kulia, fungueni folda zote mzione, pamoja na ile ya vitu vilivyofutwa.

Wapo waliokuwa wakitumia programu ya Mail iliyokuja na Windows 10. Hiyo Microsoft iliifunga tarehe 31 Desemba 2024, haipokei wala kutuma barua tena. Na huko vijijini bado kuna kompyuta za msaada zenye Windows XP, ambayo iliacha kupata matengenezo mwezi Aprili 2014. Barua zake zilikuwa za Outlook Express na anwani zake katika faili linaloishia na wab. Msitupe kompyuta hizo kabla ya kutafuta faili hilo. Windows 7 inaweza kulisoma, na kutoka hapo majina yakahamishwa. Tungependa pia kuwaomba ndugu zetu wanaoleta makontena ya kompyuta wafikirie tena, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Kwa wanaotumia Gmail katika intaneti bila programu, au majina yao yakiwa katika simu iliyounganishwa na Google, hali ni nyepesi ila ina saa yake. Majina yaliyofutwa hukaa katika pipa kwa siku 30, na ukurasa wa anwani unaweza kurudishwa kama ulivyokuwa siku yoyote ndani ya siku hizo 30. Baada ya hapo hakuna. Kwa hiyo msingoje kikao cha robo mwaka ndipo mlete taarifa. Aidha, kumbukeni kwamba vyombo vilivyounganishwa huambukizana. Mtoto akifuta majina katika simu ya mama, kompyuta ya ofisini nayo itayafuta. Ukiona majina yanapungua katika chombo kimoja, na kingine bado kinayo, zima intaneti katika kile chenye majina kwanza, uyanakili, ndipo uulize maswali.

Na kama kweli yamefutwa? Bado kuna barua zilizotumwa. Kila barua uliyowahi kumwandikia mtu ina anwani yake juu. Ni kazi ya kuchosha, lakini kijana mmoja wa kujitolea, kwa siku mbili, anaweza kupitia kisanduku cha zilizotumwa na kukijenga kitabu upya. Katika Thunderbird inatosha kubofya alama ya nyota iliyo kando ya jina. Aanze na barua za mwaka huu, kwa maana za kale zina anwani nyingi zilizokufa.

Kuhusu kutunza tuna maneno machache. Kila mwisho wa mwezi, siku mnayofunga hesabu ndogo, toeni nakala ya kitabu kwa kutumia Export. Chagueni CSV, ambayo inafunguka karibu katika kila programu, na tena vCard kama programu yenu inairuhusu. CSV huhifadhi watu, haihifadhi makundi, kwa hiyo kama mna kundi la "wakuu wa shule", andikeni pembeni ni nani na nani. Jambo jingine limetusumbua sana. Msilifungue faili la CSV katika Excel na kulihifadhi tena bila uangalifu. Excel huona namba ya simu kuwa ni hesabu, basi sifuri ya mbele huiondoa, na alama ya kujumlisha iliyo kabla ya 255 nayo huiondoa. Mwezi ujao mnarudisha majina na hakuna namba inayopiga. Kama ni kutazama tu, tazameni, halafu fungeni bila kuhifadhi.

Flashi ya nakala isikae katika droo ya meza yenye kompyuta. Mwizi huchukua vyote viwili. Iwekwe katika sefu ya mhasibu. Na karatasi moja iliyochapwa, katika faili la ofisi, si ushamba. Karatasi haihitaji umeme.

Wenye intaneti ya kuaminika wanaweza kuweka majina katika seva na kuyaunganisha na Thunderbird kwa njia inayoitwa CardDAV, ambayo programu hiyo inayo tangu toleo la 91 la mwaka 2021. Hapo kompyuta ikifa majina hayafi. Lakini akaunti iwe ya ofisi. Tunasisitiza hili kwa sababu njia kubwa ya anwani kupotea katika majimbo haitokani na kompyuta hata kidogo. Mtumishi anahamishwa. Alikuwa anatumia barua pepe yake binafsi kwa kazi za mradi, na anapoondoka anaondoka na wafadhili, mafundi na wauzaji wa mabomba. Hana nia mbaya. Ni zake. Anwani ya mradi iwe kwa jina la kazi, na neno la siri libadilishwe siku ya makabidhiano, mbele ya mkuu wa jimbo.

Hali kadhalika, majina haya ni taarifa za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na nasi inatuhusu. Orodha ya wagonjwa wanaopokea msaada wa mradi pamoja na simu zao haipelekwi kuchapwa katika duka la mjini na kuachwa katika kompyuta ya watu. Mnapowaandikia wengi kwa mara moja, tumieni Bcc ili kila mmoja asipewe anwani za wenzake.

Kompyuta nne zilizo upande wa dirishani zina Thunderbird, na mbili zina Outlook. Katika kila moja tumekificha kitabu cha anwani kwa namna tofauti. Baada ya chai mtakaa wawili wawili kwa zamu, mkianza kwa kutoa nakala, na mtatuambia mmekikuta wapi. Ile ya mwisho karibu na mlango majina yake yamefutwa kweli, kwa hiyo watakaokaa hapo waanze na barua zilizotumwa.